Mwisho wa Tutajuana

Kiti cha wageni sebuleni kwa Kocha hakikuwahi kupoa.

Asubuhi ile, kabla chai haijachemka, kilikuwa kimekaliwa na msimamizi wa ujenzi aliyeitwa kwenye usaili wa kazi mpya. Nyuma yake, kwenye mkeka, bwana harusi mtarajiwa alinong'ona hotuba yake huku akiangalia dari. Mlangoni walisimama mume na mke walionuniana. Kila mmoja alimngoja Kocha amwambie mwenzake kwamba amekosea.

Kocha hakuwahi kufundisha mpira. Jina hilo alipewa na mtaa. Kwa miaka mingi alikuwa afisa wa ajira katika kampuni ya bima. Kazi yake ilikuwa kukaa upande wa pili wa meza na kuwauliza watu maswali. Aliwaona wenye ujuzi wakikosa kazi kwa sababu ya kutetemeka tu. Kampuni ilipopunguza wafanyakazi, naye akapunguzwa. Akasema moyoni, "Basi, sasa nahamia upande wao wa meza."

Akaanza kuwafundisha watu kujibu maswali ya usaili. Hapo alikuwa moto wa kuotea mbali. Mtu aliingia kwake amejikunja kama mwavuli, akatoka amefunguka.

"Tueleze kuhusu wewe," Kocha alimwambia msimamizi wa ujenzi.

Kabla msimamizi hajafungua kinywa, jogoo aliwika jikoni.

"Huyo anaonekana amejiandaa kuliko mimi," alisema msimamizi.

"Usimjali. Jibu."

Walipomaliza, msimamizi alisimama akajipapasa mifuko. "Nikuachie ngapi, Kocha?"

"Wewe nenda kwanza. Tutajuana."

Hilo ndilo lililokuwa neno lake. Alimwambia kila mtu. Lilikuwa neno tamu, halikumwaibisha aliyeulizwa wala aliyeuliza. Na watu walijuana naye kweli, kila mtu kwa namna yake. Mmoja alileta kalenda ya mwaka uliopita, akasema picha zake bado ni nzuri. Mwingine alileta sabuni ya kufulia. Mwingine alileta yule jogoo, ambaye alifungwa kwenye mguu wa meza ya jikoni na kuanza kujibu maswali ya usaili. Wengi walileta asante. Kocha alikuwa na asante za kujaza gunia.

Simu ililia. Ikalia tena. Kocha aliipokea kwa bega huku akimmiminia bwana harusi chai na kumwonyesha mke aliyenuna mahali pa kukaa. Hakuwa na pumziko. Hata aliposimama, vidole vyake vilikuwa vinapigapiga meza.

Mumewe alipita katikati yao na mfuko wake wa vifaa. Alikuwa fundi wa majokofu na mtaa ulimwita Barafu, kwa kazi yake na kwa tabia yake. Hakuwahi kupandisha sauti. Watu walisema hata akikanyagwa mguu huomba tu arudishiwe mguu wake.

"Binti yako yuko wapi?" aliuliza.

"Si yuko chumbani kwake?"

"Chumbani kuna shangazi yako. Amelala. Anamngoja mwanawe umfundishe namna ya kuzungumza na mwenye nyumba."

Kocha alimtafuta binti yake nyumba nzima. Alimkuta bafuni. Alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, vitabu magotini, pamba masikioni. Mtihani wake wa mwisho ulikuwa unakaribia.

"Mwanangu, unasoma huku?"

Binti alitoa pamba moja. "Huku ndiko kwenye komeo, mama."

"Nitawaambia wapunguze sauti."

"Utawaambia tutajuana," alisema binti, akarudisha pamba.

Jioni, watu walipoondoka, Barafu alikaa kwenye kile kiti cha wageni. Kilikuwa bado cha moto. Alimtazama mkewe akizungukazunguka, akipanga vikombe na kuvipanga upya.

"Keti, mke wangu."

"Nitaketi."

"Umesema hivyo tangu mwaka jana." Alimpokea kikombe kimoja. "Sikukatazi kazi. Naona unavyoipenda. Lakini hii si kazi, hili ni soko lisilo na mlango. Binti anasoma chooni. Nakupa mpaka mwisho wa muhula. Sebule ikirudi kuwa sebule, endelea. Isiporudi, unaifunga, unarudi kutafuta kazi ya ofisini."

Angepiga kelele, Kocha angejibu. Lakini Barafu alisema polepole, na maneno yake ya polepole yalikuwa hayana pa kushikia. Kocha alivitazama vikombe. Akajiona amerudi nyuma ya meza ya ofisi, akiwatazama watu wakitetemeka na asiweze kuwaambia kitu.

Asubuhi aliamka na wazo. Kama tatizo ni mpangilio, basi atatangaza kazi yake ijulikane. Alitafuta ubao na rangi. Kwenye redio alizoea kuwasikia watangazaji wakisema kocha fulani anainoa timu fulani. Akalipenda neno hilo. Aliandika kwa herufi kubwa, akausimamisha ubao nje ya mlango:

TUNANOA. KARIBUNI WOTE.

Hakumaliza kunawa mikono. Mwanamke wa nyumba ya tatu alifika na visu vitano vimefungwa kwenye kanga. Nyuma yake alikuja muuza nyama na panga begani. Akafuata mshonaji na mikasi.

"Tunanoa watu," alisema Kocha.

Muuza nyama alirudi nyuma hatua moja. "Watu? Kwa nini?"

"Kwa usaili. Nanoa watu kwa maneno."

"Haya. Lakini mimi nina panga. Hulinoi?"

Upande wa pili wa barabara mtu alikuwa akicheka mpaka ameshika mbavu. Alikuwa Breki, mwenye shule ya udereva. Jina lilitokana na amri aliyoitoa siku nzima, dirisha la gari likiwa wazi. Alikuwa mama wa sauti nene, mwenye magari mawili yenye alama ya mwanafunzi na chumba kimoja cha darasa. Alianza na gari moja la mkopo. Alivuka barabara akiwa bado anacheka.

"Jirani, umefungua bucha?"

"Usinicheke, dada. Sina hali."

"Nitacheka kwanza, kisha nitakusaidia. Vyote viwili naviweza." Aliwaambia wenye visu waende kwa mnoa visu wa sokoni. Kisha akaingia, akaketi bila kuambiwa. "Haya. Mimi ni mteja, sikujui. Unafanya kazi gani?"

"Nasaidia watu," alianza Kocha. "Wenye usaili, wenye hotuba, wenye matatizo ya nyumbani pia, na wale wanaotaka kujiamini, na watoto wakiwa na hesabu ngumu..."

"Breki," alisema Breki.

Kocha alikaa wima.

"Umeshanipitisha kona tano na bado sijui tunakwenda wapi. Na umesema unasaidia. Mtu akisikia msaada, anakuja na mkono mtupu. Si mbaya, amesikia ulichosema. Sasa niambie, katika hayo yote, lipi unalijua kuliko watu wote wa mtaa huu?"

"Usaili."

"Kwa nini?"

"Nimekaa kwenye meza ile miaka mingi. Najua swali linatafuta nini."

"Basi hiyo ndiyo kazi yako. Hotuba za harusi waachie wajomba. Hesabu ziache kwa walimu. Na wale wanaonuniana hawana shida ya usaili. Wapeleke kwa mshauri wa ndoa, aliyesomea. Ukiwagusa wewe, siku moja utavunja nyumba ya watu na utakosa la kusema."

Kocha alisimama, akaenda dirishani, akarudi. "Nikiwafukuza nitabaki na nani?"

"Watabaki wanaokuhitaji. Sasa ngoja. Mtu akija kwangu kujifunza gari, anajua ataanza wapi na ataishia wapi. Kuna somo la usukani, somo la kona, la kurudi nyuma, halafu majaribio. Likiisha, limeisha. Kwako mtu anaanza lini, anamaliza lini?"

"Akitosheka."

"Binadamu anatosheka lini? Panga masomo. Kabla ya kuanza, mkubaliane mwisho wake ataweza kufanya nini. Na usimwahidi kazi. Mimi simwahidi mtu leseni. Leseni hutolewa na wengine. Namwahidi kwamba akikaa kwenye usukani, atajua afanye nini."

Kocha alianza kusikiliza kwa mwili mzima. Vidole viliacha kupiga meza.

"Na bei?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Unawaambiaje sasa?"

Kocha aliona haya. "Nawaambia tutajuana."

Breki hakucheka safari hii. "Jirani, unadhani hilo neno ni la upole. Si la upole. Unamwachia mtu mzigo wa kukisia. Mwenye haya anakimbia, hajui utamtoza nini. Asiye na haya anakuletea jogoo. Taja bei, mtu aamue akiwa na uso wake. Na usihesabu muda wa kukaa naye tu. Kuna muda wa kusoma tangazo la kazi anayoitaka. Kuna kuandaa maswali. Kuna simu, umeme, chumba. Weka vyote, kisha weka na cha kwako cha kuishi. Alipe kabla ya somo la kwanza. Pesa iingie kwenye laini nyingine ya simu, isichanganyike na ya mboga. Saa za kazi zikiisha, unaizima laini hiyo."

"Ndugu watasema nimebadilika."

"Watasema. Kusema hakuhitaji leseni."

Wote wawili walicheka. Kisha Breki akasema darasa lake hukaa tupu kila siku baada ya saa nane, kwa sababu wanafunzi wake wanakuwa barabarani.

"Unanikodisha, dada?" Kocha aliuliza kwa furaha. "Itakuwa vizuri sana. Kuhusu kodi tuta..."

"Maliza hilo neno uone."

Waliandikiana mkataba siku hiyo hiyo. Kesho yake Breki alimwelekeza ofisi ya biashara, akaulizie leseni inayomfaa mtu wa kazi ndogo kama yake. Barafu alibeba meza mwenyewe, akaivusha barabara. Kisha aliifuta vumbi mara mbili. Ubao ulipakwa rangi upya, ukasimamishwa mlangoni pa darasa. Sasa ulisomeka: NAWAANDAA WATU KWA USAILI WA KAZI. KWA MIADI. Chini yake palikuwa na saa za kazi na bei.

Mteja wa kwanza alikuwa muuguzi. Alitaka nafasi ya kusimamia wodi. Alikuwa amevaa viatu vyeupe na alikaa kwenye ukingo wa kiti, kama mtu anayengoja kuitwa.

"Ubao sikuusoma vizuri," alisema. "Bei yako ni ngapi?"

Ulimi wa Kocha uliijua njia yake ya zamani. Ukaanza, "Tuta..." Akaung'ata. Akataja bei.

Muuguzi alinyamaza.

Ule ukimya ulikuwa mrefu kama foleni ya benki. Kocha alitaka kusema kwamba bei inapungua. Alitaka kusema alipe nusu, alipe akipata, asilipe. Alishika kiti kwa mikono miwili asije akasema.

"Samahani," muuguzi alisema, "nilikuwa naangalia zamu zangu kichwani. Tunaanza lini?"

Lakini hawakuwa wote kama muuguzi. Bwana harusi alikuja, akasoma ubao, akaondoka bila salamu. Msimamizi wa ujenzi alisema alidhani Kocha ni mtu wa watu. Wiki ya pili kiti cha wateja darasani kilikuwa baridi. Kocha alikaa mbele yake mchana mzima. Alifagia darasa lililokwisha kufagiliwa. Alitoka, akatazama barabara, akarudi. Mara mbili alivuka kwenda nyumbani kuchukua rangi aufute ule mstari wa bei, na mara mbili aliirudisha rangi bila kuifungua. Muhula ulikuwa unayoyoma.

"Na kama Barafu alikuwa sahihi?" alimwuliza Breki.

"Mwanafunzi wangu akiona barabara tupu, anataka kugeuka," Breki alijibu. "Anadhani amepotea. Mimi namwambia akanyage mafuta. Ulimwomba muuguzi awaambie wenzake?"

"Naona aibu. Ni kama kuomba."

"Kama ulimfanyia kazi nzuri, unamwomba nini? Unampa kitu cha kuwapelekea marafiki zake."

Muuguzi alikuja mwenyewe siku chache baadaye. Uso haukuwa na furaha. Kocha alijua kabla hajaambiwa.

"Sikupata," alisema muuguzi. "Walimchukua mwenye miaka mingi zaidi."

Kocha alitazama chini. Hakujua aweke wapi mikono.

"Lakini sikuja kwa hilo," muuguzi aliendelea. "Usaili wa mwaka jana nilitoka nikalia kwenye korido. Safari hii nilijibu kila swali. Mwenyekiti wao amesema nirudi nafasi nyingine ikitoka. Nataka tufanye lile somo la maswali magumu tena. Na nimekuja na wenzangu wawili. Wako nje, wanasoma ubao."

"Naomba kitu," alisema Kocha. Maneno yalimtoka kwa kusukumana. "Ukiridhia, niwaambie wengine hayo uliyosema? Yote, na la kukosa pia?"

"La kukosa pia?"

"Hilo hasa. Wasije wakadhani nauza kazi."

Basi kiti kikaanza kupata joto tena, lakini joto la saa zake. Walikuja wauguzi, kisha mlinzi aliyetaka kuwa msimamizi, kisha wahitimu wa chuo cha ufundi. Wengi wa hawa wa chuo hawakuweza kulipia masomo ya peke yao. Zamani Kocha angewaingiza bure, kisha angewachukia kimyakimya. Sasa alikaa akafikiri. Akaanzisha kundi la Jumamosi. Watu sita, meza moja, kila mmoja akimhoji mwenzake. Kila mtu alilipa kidogo, na kidogo zao kwa pamoja zilizidi somo la mtu mmoja. Tena walijifunza haraka zaidi, kwa sababu kila mmoja aliyaona makosa yake kwa mwenzake. Chuo kikasikia. Mkuu wake akamwita aje kuzungumza na wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kwa malipo, kwa barua.

Jogoo alirudishwa kwa mwenyewe na ujumbe mfupi wa shukrani. Binti alihamisha vitabu kutoka bafuni hadi meza ya sebuleni. Siku ya kwanza alishindwa kusoma. Alisema kimya kinampigia kelele. Siku ya pili alizoea. Muhula ulipoisha, Barafu alirudi kutoka kazini, akaketi kwenye kile kiti cha wageni, akakigusa kwa kiganja.

"Kimepoa," alisema. Akawasha redio kwa sauti ya chini, na hayo ndiyo yaliyokuwa majibu yake.

Shangazi alikuja Alhamisi, katikati ya somo.

Huyu ndiye aliyesimamia harusi ya Kocha, na hakuacha mtu asahau. Aliusukuma mlango wa darasa bila kubisha. Nyuma yake alikuja mwanawe wa mwisho, mtu mzima mwenye ndevu na tai iliyofungwa kombo. Yule mlinzi alikatiza jibu lake.

"Shikamoo, shangazi," alisema Kocha.

"Marahaba. Mwambie huyo atoke kidogo. Ndugu yako ana usaili Jumatatu."

Vidole vya Kocha vikagusa meza, vikapiga mara moja, kama zamani. Alimtazama mlinzi. Mlinzi alikuwa tayari amekusanya kofia yake, kama mtu aliyezoea kupisha.

"Kaa, ndugu yangu," Kocha alimwambia. "Muda huu ni wako." Kisha akamgeukia shangazi. "Jumatatu bado. Jumamosi kuna kundi, na nafasi moja imebaki. Aje na tangazo la kazi anayoiomba. Bei iko mlangoni."

"Bei?" Shangazi aliweka mkono kiunoni. "Mimi? Niliyekufunga kilemba siku ya harusi yako?"

"Ulinifunga vizuri, na sikusahau. Siku yoyote njoo nyumbani, chai ipo, kitanda kipo. Hapa ni kazini."

"Mama, nitalipa," alisema mwenye ndevu, akiangalia viatu vyake.

"Nyamaza wewe." Shangazi alimkazia Kocha macho. "Umenisimamisha mlangoni mbele ya mgeni. Ukoo wote utasikia. Utakuja kwangu mwenyewe kuomba radhi."

Nje, Breki alimpigia mtu kelele akanyage breki.

"Haya," shangazi alisema, sauti imeshuka kwa hasira. "Tutajuana."

Kocha alivuta kiti chake karibu na meza.

"Tumeshajuana, shangazi. Jumamosi, saa tisa alasiri. Na radhi siombi."